Siku Veronika Alipofunua Kanga

Hapa Nkende hadi leo kuna watu wanaosema marehemu Veronika alikuwa mwanamke asiye na adabu, kwamba alimvunjia mkwe wake heshima hadharani, ndani ya gari moshi, mbele ya watu wa makabila mengine. Hata siku ya mazishi yake nilimsikia mmoja akinong'ona hivyo huku anatafuna nyama ya msiba. Nilimwambia weka sahani chini utoke. Mimi nilikuwepo siku ile. Goti langu liligusana na goti la huyo mkwe tangu Korogwe hadi Tanga, na kama kuna mtu wa kuona aibu kwa mambo yale, ni mimi Esta, si Veronika.

Veronika alikuwa jirani yangu miaka thelathini. Mjane wa Magige, mwembamba, mkimya hadi anakera. Ukimtukana anakutazama tu, kisha anaendelea kupukuchua mahindi yake, na wewe unabaki na hasira zako mkononi. Kahawa yake ilikuwa safi kuliko ya wanaume wengi, na walimchukia kwa hilo. Mtoto aliyekua alikuwa mmoja tu, Efrazia. Na huyo Efrazia, mshenga wa ndoa yake nilikuwa mimi.

Mume mwenyewe aliitwa Kisyeri, mtoto wa mama yangu mdogo, wa kule Nyambureti. Nilimsifu bwana! Nilisimama mbele ya wazee, nimeshiba uji na maziwa, nikasema, "Mikono ya kijana huyu haijui kupiga hata mbwa." Wakaamini, kwa nini wasiamini? Alikuwa na sauti ya chini, anacheka na kila mtu, baadaye akawa katibu wa kijiji cha ujamaa, anaandika mwandiko mzuri kama wa padri.

Mwaka wa sabini na sita, miaka minane baada ya harusi, Efrazia akarudi kwa mama yake na watoto wawili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa vijiti. Tukamuuliza imekuwaje. "Nilianguka kwenye ngazi ya ghala." Tukauliza tena, jibu likawa lilelile, nilianguka. Kisyeri akatuma wazee wake: kama mwenyewe anasema alianguka, kwa nini harudi kwake? Watu wa Nkende wakasema hivyohivyo, na mimi nikasema kuliko wote. Nilimwona mtoto kadekezwa. Nikamwambia usoni, "Wangapi wameanguka humu duniani na wako kwa waume zao?" Alinitazama, akainama, akaondoka. Mungu anisamehe.

Machage, shemeji yake Veronika aliyekuwa anasimamia mji ule, alichoka na maneno. Akatamka kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi litakaa iritongo, baraza letu la wazee, na hapo mama wa binti ndiye atakayesema. Akisema arudi, arudi siku hiyohiyo. Baraza hilo likishafunga jambo, limefungwa, huendi kulifungua kwa machozi.

Katikati ya hayo ikaja safari. Serikali ilichagua wakulima bora wa kahawa na pamba, wa Tarime na Serengeti, tupelekwe Korogwe kuangalia mashamba ya mkonge, na siku moja tupande gari moshi hadi Tanga tukaione bahari na meli zinazobeba kahawa yetu. Veronika alichaguliwa, nami nikachaguliwa. Lori likatuchukua. Kufika Mugumu, nani anapanda? Kisyeri, na kaunda suti yake, na kofia yake. Akainamisha kichwa, akatoa shikamoo kutoka mbali huku ametazama pembeni, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sisi Wakurya tunaita ensoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali mmoja mbele ya mwenzake, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima. Ila nawe fikiri: kwa miaka minane Veronika alikuwa hajamwona mkwe wake zaidi ya kofia. Kila alipokuja alikuwa amegeuka, ameinama, mpole. Mtu utamjuaje kwa kofia?

Tulipokuwa tunapita mbugani, nyumbu wametapakaa mpaka macho yanachoka, Veronika akaniambia kwa sauti ndogo, "Esta, labda kweli alianguka. Mkwe ana adabu. Tukirudi nitasema arudi."

"Hapo umesema la maana," nikamjibu. Nilifurahi, sitaficha. Ndoa ni yangu, ikivunjika na jina langu linavunjika.

Basi siku ya gari moshi ikafika. Kiongozi wetu alikuwa Nikolaus, afisa kijana kutoka Bukoba, suruali yake bugaluu inafagia stesheni. Alikuwa ameandika majina yetu kwa chaki kwenye mabenchi. "Nimewapanga kifamilia!" anasema, amefurahi kabisa. Ninaangalia: Veronika dirishani, mimi kando yake, na benchi la mbele yetu, uso kwa uso na Veronika, Kisyeri.

"Mwanangu," nikamwambia, "hawa hawakai hivi. Huyu ni mkwe wake."

"Si ndiyo maana, mama? Mkwe ni mtoto."

"Kwetu haiko hivyo."

"Mama, mila hizo ndizo zinazoturudisha nyuma. Hapa sote ni ndugu. Kaeni, gari linaondoka." Na kweli behewa lilikuwa limejaa, hapakuwa na pa kuhamia.

Nilidhani Kisyeri angesimama mlangoni njia nzima. Mwanamume yeyote wa kwetu angesimama. Yeye akatabasamu, akasema, "Dada Esta, tutii serikali," akakaa. Veronika alivuta kanga, akajifunika kichwa na uso wote, akabaki kama mzigo uliowekwa dirishani.

Ile treni ilikuwa kitu cha zamani, ya tangu mkoloni. Nikolaus alituambia kichwa chake kinapelekwa kupumzishwa, tuna bahati kukipanda. Bahati gani! Kilipiga kelele, kikatema moshi mweusi, masizi yakatuingia machoni na kwenye meno. Mabenchi ya mbao yalitupiga matako kila kwenye kona. Lakini nilikuwa sijaona nchi kama ile. Mkonge umesimama mistari kwa mistari hadi mwisho wa macho, halafu milima ya kijani, halafu minazi. Wenzetu walikuwa wanapiga vigelegele. Veronika hakuona hata mnazi mmoja. Alisafiri hadi baharini ndani ya kitambaa.

Muheza wanawake walikuja madirishani na machungwa. Nikamnunulia Veronika sita, nikamwekea kwenye kitambaa katikati yetu, ingawa nilijua hawezi kula mbele ya mkwe. Kisyeri naye alinunua yake, nikategemea atayaweka mfukoni. Akayamenya palepale. Akala, akatema mbegu sakafuni, karibu na miguu ya mama mkwe.

"Kisyeri, mura," nikamwambia polepole, kama tunavyomwita kijana kwetu, "unakula?"

"Haoni," akasema. "Amejifunika."

Nikajiambia ni njaa. Nilikuwa na sababu kila mahali siku ile, kama mtu mwenye mfuko wa viraka.

Halafu maneno yakaanza, kupitia kwangu. "Dada, mwambie mama Jumamosi asiniangushe." Namwambia, ingawa yuko hapo hapo anasikia. "Mwambie nimesikia," anajibu Veronika ndani ya kanga. "Mwambie mama watoto ni wangu." Namwambia. "Mwambie najua."

Bahari niliiona. Ni kubwa, ina kelele, na maji yake hayanyweki. Sisi wa Mara tuna ziwa letu, hatukuzimia. Tulipelekwa bandarini, tukaonyeshwa meli, kisha tukaketishwa kwenye meza moja ndefu kula wali na samaki, Kisyeri yuko mbele yetu tena, anacheka na Nikolaus kama wamezaliwa tumbo moja. Veronika hakugusa sahani yake. Nikamwambia tusogee nyuma ya ukuta ale kidogo, Nikolaus akatukemea tusijitenge na kundi. Mwanamke yule alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, na alikuwa ameshavuka miaka hamsini.

Jioni, jua bado lipo, tukarudi kwenye mabenchi yetu ya chaki. Sasa Kisyeri alikuwa amezoea. Kanga ile ilikuwa haijafunuka siku nzima, na nadhani alianza kusahau kwamba ndani yake kuna mtu. Alinyoosha mkono, akachukua chungwa moja la Veronika. "Mwambie mama nimechukua chungwa, asinilaani." Akacheka. Mimi sikucheka.

Tulipopita Muheza akainama kwangu. "Dada, sasa mwambie hivi. Jumamosi akisema neno jingine, nitakuja mwenyewe na vijana wangu kumchukua mtoto wake, nimburute kwa huo mkono wake mbovu kutoka Nkende hadi Nyambureti."

"Sisemi hilo," nikajibu.

"Sema."

"Mimi ni dada yako mkubwa, Kisyeri. Sibebi matusi. Kama unataka nilipeleke, lete neno la adabu."

Uso wake haukubadilika. Aliendelea kutabasamu, hata akampungia Nikolaus mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukashuka chini ya kitambaa cha machungwa, ukashika kifundo cha mkono wangu, ukakizungusha. Taratibu. Kama mtu anayekamua nguo. Akanong'ona, "Wewe sema ninachokuambia." Nilisikia kitu kinaalika ndani. Nikapiga ukelele, behewa zima likageuka.

Nikolaus akaja mbio na bugaluu yake. "Kuna nini, mama?"

"Gari limeyumba," akasema Kisyeri, sauti ya upole, sauti ileile niliyoisifu mbele ya wazee. "Dada ameanguka. Pole, dada."

Wote wakanitazama, wanasubiri. Mkono unawaka moto. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto saba, na mdomo niliojaliwa nao wa kugombana na hata karani wa ushirika. Na haki ya Mungu, nilisema nini? Nikasema, "Nimeanguka."

Nilipolisikia neno lile linatoka mdomoni mwangu, nilimwona Efrazia amesimama mbele yangu na vijiti vyake mkononi.

Kanga ikasogea. Veronika aliishusha kutoka usoni, akaikunja, akaiweka mapajani. Uso wake ulikuwa na jasho la siku nzima. Akaniuliza, "Umeanguka wapi, Esta, na umekaa?"

Akainua macho, akamtazama Kisyeri. Si pembeni, si kwa kificho. Machoni. Mkurya mmoja kwenye behewa akaziba mdomo kwa kiganja. Kisyeri akatupa macho chini kutafuta kofia yake, adabu ikamrudia ghafla.

"Acha kofia," Veronika akasema. "Kisyeri." Alimwita kwa jina lake! Nilikuwa sijawahi kusikia mama mkwe akilitaja. "Miaka minane nimekuheshimu, sikukutazama. Leo nimekuona kuanzia Muheza. Kanga hii ni kuukuu, mwanaume, inaonyesha."

"Mama mkwe, mbele ya watu..."

"Mwanangu harudi. Sitasubiri Jumamosi, na sikutumii Esta. Nakuambia mwenyewe."

Kisha akafungua kitambaa, akatoa chungwa. Akalimenya kwa kucha, ganda moja refu, akaanza kula. Mbele yake. Anakula, anamtazama, maji ya chungwa yanamtiririka kidevuni, hafuti. Alimaliza la kwanza, akachukua la pili. Kisyeri alijaribu kusimama, lakini watu walikuwa wamejaa njiani na hakuna aliyempisha. Ikabidi akae atazamwe. Yalikuwa matano, na yote yaliisha kabla ya Korogwe.

Habari ilitutangulia Nkende, sijui kwa miguu gani. Jumamosi wazee walianza na hilo kabla ya Efrazia: Veronika amevunja ensoni, faini mbuzi. Waliposema mbuzi, Veronika alinyoosha kidole nyuma. Mbuzi alikuwa ameshafungwa kwenye mti wa kahawa, amekuja naye. "Nililijua," akasema. "Mleni." Wazee wawili wakakohoa.

Machage akauliza, "Basi useme. Binti arudi au asirudi?"

"Nilishasema kwenye treni," akajibu. "Muulizeni mshenga kwa nini."

Kisyeri alikuwa amekaa na ndugu zake, ambao ni ndugu zangu, kofia magotini. Alinitazama na kutabasamu. Lile tabasamu. Mama yangu mdogo mwenyewe alikuwa pale, ananitolea macho, na nilijua nikifungua mdomo sitaingia tena nyumbani kwake, na kweli sikuingia hadi alipokufa. Nilisimama. Nikakunja mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko, kifundo kimevimba, kimekuwa cha zambarau, alama za vidole vinne zinasomeka.

"Ndani ya treni nilisema nimeanguka," nikawaambia. "Nilikuwa muongo. Sikuanguka. Ni huyu niliyewasifia."

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, kwenye upande wa wanawake, ndogo kabisa. Efrazia alikuwa amesimama, amejishika mkono wake uliounga vibaya.

"Na mimi," akasema, "sikuanguka."