Mbege Kwenye Mpira wa Puani

Fikirini bin Feruzi alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Ukimwuliza saa ngapi, atakueleza kwanza jinsi saa inavyotengenezwa. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika hospitali moja ndogo pale Moshi mjini, yeye akiwa dresa, mfunga vidonda, na mimi Sikudhani nikiwa mhudumu wa wodi, mfua mashuka na mbeba ndoo. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kumaliza chai yangu ingali moto. Lakini nikisikia mtu mwingine anamcheka kwa maneno yake, namkatisha papo hapo. Ninayo sababu, na si sababu ya kujivunia.

Baba yake alikuwa Mmanyema aliyefika Moshi na kazi ya reli, mama yake Mpare wa Usangi. Wakati wa vita vya Hitla Fikirini alipelekwa Burma kubeba machela, na huko akajifunza kufunga vidonda na kumpumulisha mtu aliyezama mtoni. Aliporudi akaanza hospitali kwa kuchemsha sindano. Hakusoma sana, ila kila dawa mpya iliyoingia kabatini alimganda daktari kwa maswali mpaka daktari achoke. "Dawa ina mikono miwili," alipenda kutuambia. "Mmoja unatoa, mwingine unachukua. Mjinga huuliza ule unaotoa tu." Mimi nilikuwa nikiitikia huku nawaza sabuni.

Masika ya mwaka 1954 lori la kahawa lilituletea kijana wa Kirua Vunjo aitwaye Antoni, umri wake miaka ishirini na miwili. Alikuwa amekanyaga msumari kwenye samadi ya zizi la ng'ombe. Kidonda kilikuwa karibu kupona, lakini meno yalikuwa yamebanana na mgongo umepinda kwa nyuma hata ungeweza kupitisha mto chini yake. Mama yake, Mektrida, alikuwa amemshika kichwa njia nzima. Fikirini alimtazama mara moja tu akasema, "Pepopunda." Nilijua maana yake. Kabla yake tuliwapokea watano wa namna hiyo, na wanne tuliwafunika nyuso.

Daktari alimchoma dawa ya kuua sumu ya ugonjwa, kisha akaamuru aingizwe chumba cha peke yake. Tukaziba dirisha kwa mablanketi. Mimi nikavua viatu, na bawaba za mlango Fikirini akazipaka mafuta ya nazi, maana ndoo ikigonga sakafu tu mwili mzima wa Antoni ulikakamaa, na kila mkakamao ungeweza kumbana pumzi. Puani tulimpitisha mpira mwembamba mpaka tumboni. Humo ndimo vilimopita maziwa, uji mwepesi na dawa.

Siku hiyo hiyo Fikirini alimkalisha Mektrida kwenye kibao nje ya mlango akaanza kumfundisha. Mimi nilikuwa nakunja mashuka karibu, nikisikia kwa sikio moja.

"Mama, dawa tunayompa inaitwa mefenesini. Hii inalegeza misuli. Haiui ugonjwa, inamkinga tu mpaka mwili wenyewe uishinde sumu. Nguvu yake ni ya muda mfupi, ndiyo maana utaniona narudi kila mara."

"Na itamdhuru?" Mektrida akauliza.

Hapo Fikirini aliulizwa swali alilolipenda kuliko yote duniani. "Itamlaza usingizi. Atakuwa dhaifu, mikono haitashika kitu. Macho yanaweza kuchezacheza, anaweza kutapika. Tungeiharakisha kwenye mshipa wa damu, mkojo ungeweza kuwa mwekundu, kwa hiyo tunapitisha tumboni. Ikizidi, inalegeza hata misuli ya kuvuta pumzi. Ipo na nyingine, daktari ameifungia kabatini, asili yake ni sumu ya mishale ya watu wa mbali. Ile hulegeza kila kitu, na mgonjwa anabaki anasikia lakini hawezi hata kupepesa jicho. Hiyo haitolewi ila kuwe na mtu wa kumpumulisha. Na ipo ya tatu, ile inayonuka, ya usingizi. Hiyo tunampa kidogo."

Kisha akatugeukia sote wawili. "Katika mpira huu hakipiti kitu ila kwa mkono wangu. Hata maji. Na pombe ndiyo adui mkubwa, kwa sababu nayo inalaza na inalegeza. Ikikutana na dawa hii, mtu anasahau kupumua."

Mektrida aliyashika maneno hayo. Mimi niliyasikia tu.

Siku tano Fikirini hakwenda kwake isipokuwa kuoga. Mkewe Shani alimletea chakula akamkuta ameketi na saa ya wodi mkononi, anahesabu pumzi. Kumi na sita kwa dakika. Kumi na nne. Siku ya tano mkakamao ulipungua, na daktari akasema kwa mara ya kwanza kwamba huenda kijana akapona. Mektrida alilia kwenye kanga yake bila kutoa sauti, kwa kuwa hata kilio kilikatazwa.

Siku ya sita ilikuwa Ijumaa. Mektrida alikwenda sokoni kutafuta maziwa. Fikirini akampa Antoni dawa yake ya mchana, akahesabu pumzi, akaniambia, "Sikudhani, nakwenda kuswali, narudi sasa hivi. Usitoke mlangoni." Nikamwambia aende kwa amani.

Haukupita muda akaja mzee mrefu amevaa koti la mvua, kibuyu mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole. Alijitambulisha kuwa ni Sirili, baba mkubwa wa Antoni, kaka wa marehemu baba yake. Alisema ametembea kwa miguu tangu alfajiri, anaomba kumwona mwanawe. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala siku nyingi. Nikamwambia aingie kimya, asimguse. Mara ikaanza mvua. Mashuka yangu ishirini yalikuwa kwenye kamba. Nikatazama mlango, nikatazama mashuka, na kwa ujinga wangu nikakimbilia mashuka.

Niliporudi, mzee Sirili alikuwa amesimama kando ya kitanda. Ameshika juu faneli tuliyotumia kumiminia maziwa mpirani, na kibuyu kilikuwa karibu kuisha.

"Meku, hapana!" nilimpigia mzee yule kelele, mimi niliyewakataza wengine hata kukohoa.

"Ni mbege tu, mwanangu," alisema, akishangaa. "Nimeichuja mara tatu isizibe." Kisha akanieleza. Mwezi uliopita Antoni alifungulia maji ya mfereji kumwagilia miche yake ya kahawa katika siku ambayo maji yalikuwa zamu ya mzee. Mzee akakasirika akamwambia mbele ya watu, "Ukauke!" Na kweli kijana akakauka. Basi mzee alikunywa nusu ya kibuyu na nusu akamnywesha mwanawe, kwa kuwa aliyelaaniwa na aliyelaani wakinywea chombo kimoja, neno linakufa. Kinywa kilikuwa kimefungwa, akaona njia nyingine ipo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na mzee huyu alikuwa amejikwaa vyote.

Nilimtazama Antoni. Kwa mara ya kwanza tangu aje alikuwa amelala laini kabisa, mdomo wazi. Ningekuwa sijui kitu ningesema amepona. Nikahesabu kama nilivyomwona Fikirini akihesabu. Tisa. Nikahesabu tena. Saba. Nilitoka mbio na mvua ile, miguu mitupu, nikakutana na Fikirini langoni anarudi.

Sikuhitaji kusema mengi. Alipoingia alinusa tu, akajua. Hakunitukana. Alichukua bomba la sindano akaliunga kwenye mpira akavuta, ikaja ile pombe ya ndizi na maziwa, akavuta tena mpaka hakikuja kitu. "Daktari yuko wapi?"

"Anapasua, hawezi kutoka."

"Basi mwambie anakopasulia, urudi." Nilikwenda, nikarudi. Pumzi zilikuwa nne, midomo ya Antoni imekuwa ya buluu. Fikirini alimgeuza kifudifudi, shavu juu ya mikono, akapiga magoti kichwani pake. Akaweka viganja mgongoni, akaegemea taratibu, hewa ikatoka. Akamshika viwiko akavivuta juu, hewa ikaingia. Akaegemea tena, akavuta tena. Siku tano tulitembea kwa ncha za vidole ili misuli ile isishtuke, na sasa alikuwa akiikandamiza kwa uzito wake wote nayo haishtuki hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko midomo.

Fikirini hakuwa kijana tena, na siku tano alikuwa hajalala. Baada ya muda alianza kupoteza mwendo. Mimi nilijaribu, nikawa naegemea haraka mno. Ndipo mzee Sirili aliyekuwa amejikunyata ukutani alipovua koti.

"Nionyeshe," alisema.

Nilidhani Fikirini angemfukuza. Ningekuwa mimi ningemfukuza. Akamwonyesha. Mzee alikuwa na kifua kipana na mikono ya mtu aliyelima mlima maisha yake yote, na alishika mwendo ule mara moja. Fikirini akahesabu, mzee akaegemea na kuvuta, machozi yakimdondokea Antoni mgongoni. Walipokezana hivyo zaidi ya saa nzima. Mektrida alirudi na maziwa yake akatukuta. Nilimweleza ukweli wote pale mlangoni. Alipiga magoti chini akashika mguu wa mwanawe, akaanza kusali.

Yeye ndiye aliyehisi kwanza. "Umekaza," alisema. "Mguu umekaza!"

Tukasimama sote. Kigimbi cha Antoni kilijivuta, kikawa kigumu, kikalegea, kikajivuta tena. Ule mkakamao tuliouchukia siku sita, tukausubiri urudi kama mgeni wa arusi. Ukapanda pajani. Kisha kifua kikanyanyuka chenyewe, bila mkono wa mtu. Fikirini akahesabu: nane. Kumi. Akaketi sakafuni palepale akasema Alhamdulillahi, na Mektrida akajipiga ishara ya msalaba. Mimi nililia kwa sauti mpaka nikatolewa nje.

Daktari alifika na damu ya mgonjwa mwingine kwenye aproni. Akapima, akapunguza dawa iwe nusu, akauliza nani aliyesababisha. Fikirini akasema, "Mimi ndiye niliyetoka." Nikasema, "Muongo huyu. Ni mimi." Nilikatwa mshahara wa wiki mbili na sikulalamika. Tangu siku hiyo, kila dawa iliyoingia wodini nilimwuliza Fikirini mkono wake wa pili unachukua nini, na chai yangu ikapoa kwa hiari yangu mwenyewe.

Wiki ya nne mpira ulitolewa. Antoni alikuwa amekonda na sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, lakini mdomo ulifunguka na alimeza mtori, supu ya ndizi ya mama yake. Mikono ndiyo iliyobaki nyuma. Kulala kwingi na dawa vilikuwa vimeinyong'onyeza hata hakuweza kushika kijiko.

Hapo ndipo mzee Sirili aliporudi, safari hii bila kibuyu. Alileta jani moja bichi la isale. Kwa Wachagga anayeletewa isale ameombwa msamaha, na si desturi kulikataa. Mzee alipiga magoti, yeye mkubwa mbele ya mdogo, akalinyoosha jani juu ya blanketi.

"Mwanangu, ulimi wangu ulikukosea. Kisha na mikono yangu ikakukosea."

Antoni alilitazama jani. Mkono wake ukatambaa juu ya blanketi, ukafika, vidole vikaligusa vikateleza. Akajaribu tena, jani likaanguka. Mzee akaliokota akalinyoosha upya, na jasho lilikuwa limemtoka Antoni usoni. Nikapiga hatua nimsaidie. Fikirini akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Hapo hapana ugonjwa tena, wala dawa. Hapo yupo mwenyewe."

Kidole cha shahada kikafunga, kikafuata cha kati, na Antoni akalivuta lile jani mpaka kifuani.