Ngozi ya Dume Jeusi

Muuza nyama jirani yangu ameanika ngozi mbichi kwenye wigo wangu bila hata hodi, na kwa harufu yake uji umenishinda.

Ni harufu ile ile ya zizini kwetu nilipokuwa binti mdogo. Kaka yangu na mwenzake, askari wa mtemi waliolinda mpaka wa malisho, walikuwa wameuawa kwa mishale na watu wa ng'ambo ya mto. Ndio waliotangulia kufa katika vita vile. Kwetu mwanamume alizikwa zizini, amevikwa ngozi mbichi ya dume, basi likachinjwa dume jeusi alilolilea kaka tangu likiwa ndama.

Ngozi akavikwa yeye. Nyama wakaila wazee pale pale, mafuta yakiwachuruzika videvuni, na inzi wakitoka kwa maiti kuja kutua kwenye minofu.

"Hawa wawili wametufungulia njia," alisema mjumbe wa mtemi, huku akifyonza uboho. "Kesho vijana wote waliobaki wavuke mto."

Mama alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kiume. Akapiga goti mbele ya mjumbe kwa adabu zote.

"Umeshiba, baba?"

"Nimeshiba, mama. Asante sana."

"Basi kesho tangulia wewe."

Wazee wakaacha kutafuna. Mjumbe akacheua, akainama kaburini kana kwamba anamuaga marehemu, akafuta vidole vyake kwenye ngozi aliyovikwa kaka yangu.