Viti Viwili Katikati ya Turubai

Siku ile nilikwenda uwanjani na kisu mfukoni.

Nilikuwa nimekusudia kukata turubai. Nikafika, nikakuta limeshakatwa.

Tena limekatwa pale pale nilipotaka mimi, kwa kipimo kile kile, na kingo zake zimekunjwa zikashonwa kwa mkono kama pindo la gauni.

Sikuwa nimemwambia mtu.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Naona humu kundini kila siku mnawalaumu viongozi wa timu zenu, uwanja mtupu, makocha wanabadilishwa kama nguo. Nami nina langu la zamani. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia.

Naitwa Kitwana. Mwaka 1986 nilimfuata mke wangu, Ernestina, Marekani, mji wa Saint Paul. Yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha shule. Masomo yakakatika njiani, akabaki pale pale chuoni, mpishi wa jiko la wanafunzi. Mimi nikapata kazi ya kupanga maboksi stoo, kule Shakopee.

Chuo kilikuwa na timu ya mpira wa yai, ule wa Kimarekani, wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Wafanyakazi wa jikoni walipewa viti viwili vya msimu mzima. Jukwaa la mashariki, safu ya kumi na nne. Mimi kiti cha saba, yeye cha nane.

Sheria za mchezo ule sikuzijua na mpaka leo sizijui. Yeye ndiye aliyenieleza, huku ananimiminia chai ya chupa.

"Sasa hapo wamefanyaje?"

"Wamepoteza mpira, baba Brightness."

"Tena?"

"Tena. Kunywa chai."

Februari 1994 Ernestina akafariki. Saratani.

Mwili ulipelekwa kwao, Same. Mimi sikwenda. Makaratasi yangu yalikuwa bado uhamiaji, ningetoka nisingerudi, na Brightness, binti yetu, alikuwa bado anasoma. Nilimsindikiza mke wangu mpaka mlango wa mizigo ya ndege. Jamaa akasukuma jeneza ndani, akanipa karatasi nisaini.

Udongo sikuutia. Kaburi sikuliona.

Nilichobaki nacho ni kiti cha nane.

Basi kila gemu ya nyumbani nilikuwa naenda. Natandika kanga yake kwenye kile kiti, ile iliyoandikwa WEMA HAUOZI, nakaa pembeni yake, naangalia tunavyofungwa.

Na tulifungwa. Jamani tulifungwa. Kuna kipindi tulipoteza gemu kumi na saba mfululizo.

Samaki huanza kuoza kichwani. Mkurugenzi wa michezo wa pale alifukuza makocha watatu katika miaka minne. Akaondoa bendi. Gemu nyingine zikahamishiwa Alhamisi, wakati watu wako kazini, kisa televisheni. Halafu anashangaa watu hawaji.

Kipaza sauti kinatangaza: leo wamehudhuria watu elfu tatu na mia mbili. Mimi kazi yangu ni kuhesabu maboksi, kuhesabu nakujua. Nimehesabu mia nne na kumi na moja, na hapo nimemjumlisha mbwa.

"Mzae, hiyo timu ilikufa kitambo," alikuwa ananiambia Eliakim, Mkenya tuliyepanga naye maboksi. "Wewe huenda huko kuona nini?"

"Nahesabu watu."

"Basi wewe humaliza mapema."

Wakubwa wale sikuwapenda kwa jingine pia. Ernestina alipofariki, wakubwa wa jikoni walinikabidhi vitu vyake ndani ya boksi. Aproni, viatu, kadi. Bakuli lake halikuwemo. Bakuli la bati lenye maua mekundu, alilotoka nalo kwao, na kwa chini alikuwa amebandika utepe na jina lake. Nikauliza, wakainua mabega. Nikajua wameiba.

Na kitu kingine, barua. Mwaka ule wa ugonjwa kila bahasha iliyoingia nyumbani ilikuwa ya hospitali, na kila ya hospitali ilikuwa mbaya kuliko ya jana. Alipokwisha kuzikwa niliacha kufungua. Bili zilikuwa zinamsubiri Brightness azifungue. Zilizobaki, hasa zenye nembo ya chuo, nilizitupia kwenye boksi la viatu. Nilijua wanaomba mchango tu. Na tiketi sikuulizwa mlangoni hata siku moja. Nani aulize, na watu hawapo?

Sasa, Aprili 1996, wakatangaza jambo. Jukwaa lote la mashariki litafunikwa kwa turubai la buluu. Watu wote wahamie magharibi, ili kamera ikipiga, uwanja uonekane umejaa.

Yaani badala ya kutafuta watu, wanaficha viti.

Na kiti cha nane kimo.

Nilikwenda ofisi ya tiketi nimefura. Dirishani alikuwepo bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe, miwani ina mnyororo. Kibao chake kilisema Ardis. Nikamwaga yote. Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini siku hiyo kilitoka.

"Nyinyi wakubwa ndio mmeiua hii timu," nikamwambia. "Sasa mnataka kumfunika na mke wangu?"

Hakukasirika. Akasema, "Mister Kitwana, ingefaa uandike. Mkurugenzi anataka maandishi."

"Mke wangu ndiye aliyekuwa anaandika."

Akavua miwani. "Najua. Mkeo ali..."

"Usimtaje mke wangu."

Akavaa tena miwani. Halafu akasema taratibu, "Basi nitakuandikia mimi."

Nikaondoka. Nilijua maneno ya ofisi yalivyo. Wakisema watakuandikia, maana yake toka.

Barua ikaja kweli, mwezi wa tano. Nikaitupia boksini.

Septemba, gemu ya kwanza, nikachukua kisu changu cha kukatia maboksi. Nilijua nikikamatwa makaratasi yangu yanaingia matatani, maana uhamiaji hawapendi mtu mwenye kesi. Nikasema liwalo na liwe.

Ndipo nikakuta lile tundu lenye pindo. Viti viwili, cha saba na cha nane, katikati ya buluu tupu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikaa pale, kanga iko kiti cha nane, nikaona kamera inanigeukia. Nikaona upande wa magharibi watu wananyoosha vidole. Kesho yake picha ikatoka gazetini: Mwafrika peke yake katikati ya turubai.

Eliakim alikuja nayo kazini. "Mzae, umekuwa staa. Unafanana na mtu amesahauliwa na basi."

Stoo nzima ikacheka. Mimi sikucheka.

Nikajiambia, kumbe ndiyo maana. Wakubwa wamefanya makusudi. Wameshindwa kuuza timu, sasa wanauza kichekesho, na kichekesho chenyewe ni mimi na marehemu.

Nilivumilia gemu tatu. Oktoba nikakunja kanga, nikaiweka kabatini, sikwenda tena. Jumamosi nikawa nashinda dirishani naangalia theluji ya jirani, kwa sababu ya kwangu nilikuwa nimeshaizoa.

Novemba wakatangaza kwamba timu inafungwa kabisa. Gemu ya mwisho, Jumamosi ya pili ya mwezi. Nilikaa nyumbani. Nikasema na izikwe, nami kwa mazishi si nimeshazoea kutokuwepo.

Jumapili yake Brightness akaja kutoka Coon Rapids, alikokuwa ameanza kazi hospitali. Alikuwa anatafuta glavu kabatini, akaibuka na boksi la viatu.

Brightness Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu Kiingereza. Akauliza hizi barua mbona zimefungwa.

"Za chuo hizo. Ombaomba."

"Baba, hizi zimeandikwa kwa mkono."

Akakaa sakafuni, akaanza kufungua. Ya kwanza ilikuwa ya Agosti 1994. Zikadondoka tiketi mbili. Safu ya kumi na nne, saba na nane.

Akanisomea, akisimama na kunitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuchechemea.

"Pole kwa msiba. Mume wangu alipokufa, Ernestina aliniletea chakula dirishani kila Ijumaa kwa miaka miwili. Bakuli lake lenye maua liko kwangu. Aliniambia kwenu bakuli la mtu halirudi tupu. Ndiyo maana sijalirudisha. Sijui kupika kitu kinachomfaa. Ardis, ofisi ya tiketi."

Nilimwambia asome tena.

Ya Agosti 1995, tiketi nyingine mbili, na mistari mitatu: bado ninajifunza kupika.

Ya mwezi wa tano 1996: "Nimemwandikia mkurugenzi kuhusu viti vyenu. Amekataa. Nitamwandikia tena."

Ya mwisho ilikuwa ya Oktoba. Hiyo Brightness aliisoma polepole.

"Amekataa mara tatu. Kwa hiyo nimelikata mwenyewe, usiku wa kuamkia gemu ya kwanza, kwa mkasi wangu wa kushonea. Picha ilipotoka gazetini watu walipiga simu kusifu, basi wakubwa wakasema wazo lilikuwa lao. Mimi wameniambia nistaafu. Sijutii. Naona siku hizi huji. Gemu ya mwisho ya msimu nitakuja na bakuli. Ule wali wa viungo aliokuwa anauleta nadhani nimeuweza. Nitakaa kiti cha saba, cha nane sitakigusa. Tafadhali njoo."

Gemu ya mwisho ilikuwa jana yake.

Brightness akaniangalia. "Baba."

"Nimesikia."

Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda uwanjani. Turubai lilikuwa limeshakunjwa, wanalifunga kwa kamba. Mzee mmoja wa usafi akaniona na kanga mkononi, akaacha kazi.

"Wewe ndiye mwenye kile kitambaa?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Bibi mmoja alikaa pale juzi mpaka watu wakaisha. Nikamwambia mama, gemu imekwisha, nafunga. Akasema mpe dakika kumi, huenda amekwama njiani. Nikampa nusu saa."

Akaingia kistoo chake, akatoka na bakuli lililofunikwa kwa karatasi ya foili. Nikaligeuza kwa chini kidogo. Utepe upo. Ernestina, kwa mkono wake mwenyewe, ile herufi ya mwisho ina mkia.

Niliila pilau ile ndani ya gari, baridi kama jiwe. Chumvi ilizidi. Iliki aliisahau. Nilikula yote, punje kwa punje.

Bahasha ilikuwa na anwani yake, Champlin. Kutoka kwangu si mwendo hata wa saa nzima. Ningewasha gari pale pale nikaenda.

Sikwenda.

Kwa nini? Kwa sababu bakuli lilikuwa tupu.

Chombo kilikuwa chetu, ndiyo, lakini nilijiona nina deni la heshima, na mkono mtupu mlangoni kwa mtu kama yule nilishindwa. Nikasema nijifunze kwanza. Na mimi jikoni sikuwahi hata kuchemsha yai. Jumamosi ya kwanza pilau ikaungua. Ya pili ikawa uji. Eliakim alionja akasema, "Mzae, hii ukipelekea mgonjwa anapona haraka ili asile tena." Ya tatu ikakubali.

Nikavaa suti ya msibani, bakuli nikalifunga kwa kanga ya Ernestina, nikaenda Champlin.

Nyumba ilikuwa na mapazia yameshushwa. Theluji mlangoni haikuwa na alama ya mguu. Jirani akatoka na sepetu.

"Ardis? Amehama juzi Alhamisi. Kaenda Arizona, kwa dada yake. Mapafu hayataki baridi tena."

"Ameacha anwani?"

"Hakuniachia." Akaangalia lile furushi. "Alikuwa anakusubiri?"

Nilimpa pilau yule jirani. Alinirudishia bakuli baada ya dakika tano, limeoshwa, limekaushwa.

Tupu. Wao hawajui.

Nililiweka kiti cha pembeni kwenye gari, nikalifunga na mkanda, nikarudi nyumbani.

Imepita miaka mingi. Mkurugenzi yule nasikia alipandishwa cheo, akaenda kuua timu ya chuo kingine. Sijamsamehe, na nyinyi msiwasamehe wenu. Wakubwa wanastahili kila lawama mnayowapa.

Ila mimi nilikuwa nawatazama wao huko juu, nikampita aliyekaa dirishani.

Kwa hiyo nawaambia haya mawili. Fungua barua hata ukijua ina habari mbaya. Na chombo cha mtu, wahenga wanisamehe, kirudishe hata kikiwa kitupu. Kirudishe leo. Mwenzako hangojei chakula, anangoja hodi yako.