Nilifuta tiketi ya mtoto, na kila asubuhi mume wangu ananiuliza kama kiti kimepatikana

Admin, ukiposti hii usiweke jina langu wala picha. Nina miaka 37, naishi Nyahanga hapa Kahama, nina duka la vifaa vya wachimbaji: mabuti, sururu, kamba, tochi za kichwani. Nimeolewa miaka kumi na minne, tuna wavulana wawili. Siandiki ili mnihurumie. Tangu haya yatokee sijalia hata siku moja, na hilo nalo linanitisha.

Mume wangu ni fundi wa mashine za kuchoronga miamba. Alianzia migodi ya huku Geita, halafu akapata kazi Ghana. Miaka saba amekuwa akikaa kule wiki nane, nyumbani wiki nne. Ukipanda ndege mara nyingi hivyo, shirika linakuwekea pointi kwenye akaunti yako, na zikifika kiwango unapata tiketi, unalipia kodi tu. Yeye hana subira na mambo hayo, kwa hiyo akaunti nilimfungulia mimi, kwa barua pepe yangu, nikajifunza mwenyewe pale dukani wateja wakiwa hawapo. Nikagundua kwamba pointi zile zinatumika hata kwenye ndege za mashirika mengine yenye ubia na lile letu, ila hayo hutoa viti vichache sana vya pointi, inabidi uchungulie kila mara. Ndivyo nilivyompeleka mama mkwe India kwa upasuaji. Tangu hapo ukoo mzima wananiita Ofisi ya Ndege.

Mwezi uliopita mkataba wake ulikwisha. Tiketi yake ya kurudi ilikatwa na kampuni. Siku mbili kabla hajasafiri, nikiwa dukani, ujumbe ukaingia kwenye barua pepe yangu: tiketi ya pointi imekatwa, ndege ileile atakayopanda yeye. Abiria ni mtoto wa kike, miaka sita. Jina la mwisho ni la mume wangu. Jina la kwanza ni Kabula.

Kabula ni jina la mama mkwe wangu. Nilipozaa mvulana wa kwanza, kisha wa pili, mume wangu alisema jina la mama litasubiri binti. Mimba ya tatu ilikuwa ya binti, ikaharibika ikiwa na miezi sita. Mimi nilijua jina lile tulimzika nalo. Nikahesabu miaka. Huyu alizaliwa mwaka uleule niliompoteza wangu.

Sikumpigia simu. Siku ya safari, nikijua wanajiandaa kwenda uwanjani, nilifungua akaunti nikabonyeza kufuta. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Akaingia mteja anataka mabuti namba nane, nikamtafutia.

Baada ya saa chache mume wangu akapiga. "Mama Masanja, kuna tiketi niliikata kwa zile pointi, hapa wanasema haipo. Hebu niangalizie."

"Tiketi ya nani?"

Nilikuwa nasikia watu na mabegi nyuma yake. "Nikifika nitakueleza yote. Angalia kwanza, nakuomba."

Nikamwambia, "Naona imefutwa. Na viti vimeisha." Hilo la viti sikuangalia hata.

Alifika peke yake. Alikaa sebuleni bila kuvua viatu, akaniambia yote. Mwanamke alikuwa mpishi pale kambini, na waliachana mtoto akiwa bado mchanga. Mwaka huu mwanamke akaugua, wiki tatu tu akafariki, na kwao hakuna wa kumchukua mtoto. Siku ile ya uwanjani ilibidi amrudishe kwa jirani wa marehemu, ndipo naye akawahi ndege.

"Nimekukosea, mke wangu," akasema. "Nifanye unavyotaka. Ila mtoto hana kosa, na sasa hana mtu."

Nikamuuliza kama atakula wali au ugali.

Hajui kwamba ujumbe wa tiketi ulinifikia mimi, na mpaka leo anaamini mwenzake wa kambini aliyemsaidia kukata tiketi ndiye aliyekosea. Wamegombana, hawasalimiani hata kwa ujumbe. Pointi zilirudi kwenye akaunti, hilo nilimwambia, ila zinatosha tiketi moja tu ya mtoto. Lakini kazi hana tena, nauli ya kumfuata mtoto hatuna. Kuna mama mmoja Mtanzania, muuguzi wa kambi ileile, anarudi nyumbani Jumamosi hii na amekubali kuja naye, tukipata kiti cha pointi kwenye ndege yake. Baada ya huyo hatumjui mwingine. Kwa hiyo kila asubuhi mume wangu ananiuliza, "Mama Masanja, kimepatikana?" Nami najibu, "Bado, hawajatoa." Wametoa. Juzi vilikuwa viwili, jana kimoja.

Mama mkwe alinipigia kutoka Mhunze, ameshaambiwa. "Ng'wanone, mwanangu, najua umeumizwa. Ukishindwa kumlea, niletee mimi." Nikasema sawa, mama.

Jumapili mume wangu alimpigia mtoto simu ya video, akaigeuza kwangu bila kuniuliza. Mtoto hajui Kiswahili. Ana mwanya, kichwa kimenyolewa. Akaniangalia, akasema polepole kama aliyekariri, "Shikamoo, mama." Nikasema marahaba. Nikarudi kuosha vyombo.

Najua wengi mtasema mume alistahili. Sawa. Ila aliyerudishwa kutoka uwanjani ni mtoto. Nikimkatia tiketi nikanyamaza, nitakuwa namwogesha na kumsuka nikijua nilichomfanyia. Nikisema ukweli, basi yeye aliyenisaliti ndiye atakayekuwa na la kunisamehe, na mama mkwe sijui nitamtazamaje. Nikikaa kimya hadi Jumamosi ipite, hakuna atakayejua kamwe.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye lipi? Msinitukane kwanza, nijibuni leo. Nimetoka kufungua akaunti sasa hivi, na kile kiti kimoja bado kipo.