Futi Kumi Kati ya Nyumba

Bwana afya alipima kwa kamba nafasi kati ya tembe letu na la jirani, akapata futi nne. Sheria ya mji ilitaka kumi, kwa hiyo akaamuru jiko la mama, lililokuwa upande huo, livunjwe.

Baba na jirani wakaiziba nafasi ile kwa miti na udongo, kama watu wanavyoongeza chumba mtoto akioa. Bwana afya aliporudi alikuta nyumba moja ndefu.

"Ninyi ni ndugu?"

"Baba mmoja, mama mmoja," akajibu jirani, Mnyiramba wa Kinampanda. Sisi ni Wanyaturu. "Muulize kijana."

Nikamwinamia jirani. "Shikamoo, baba mdogo."

Jiko likapona. Lakini binti yake, ambaye mwaka mzima nilijikaza nipate ujasiri wa kumsalimia, alinisikia. Sasa ananiita kaka, tena kwa sauti.