Moyo Uliochorwa kwa Foni

Daftari lilikuwa moja, sisi tulikuwa watatu. Lilikuwa la mwalimu wetu wa sayansi, aliyeondoka kwenda Uganda asubuhi moja ya vita na kuliacha juu ya meza ya darasa la sita la sekondari, kama mtu anayetoka kidogo kunawa mikono. Ndani yake alikuwa ameandika, mwaka baada ya mwaka, mazoezi yote yanayomngoja mwanafunzi kwenye mtihani wa Serikali: fizikia mwanzoni, kemia katikati, biolojia mwishoni. Hatukuwa na kitabu kingine. Maabara yetu, juu ya kilima cha mikaratusi pale Butembo, ilikuwa kabati moja lisilo na mlango, na katika vyombo vya kioo vilivyobaki mlinzi wa shule alikuwa ameotesha vitunguu.

Tulikata uzi wa daftari, tukagawana vipande vitatu. Kila mmoja angejifunza kipande chake mpaka kikae kichwani, kisha awafundishe wengine wawili. Tangu siku hiyo tukaacha kuitana majina ya ubatizo na ya nyumbani. Msichana aliyekaa nyuma yangu, ambaye mama yake alipika sabuni ya mawese na soda kwenye pipa, akawa Kemia. Mtoto wa dereva wa lori, wa familia ya Waislamu waliosafirisha mizigo kati ya Butembo na Beni, akawa Fizikia, kwa kuwa tangu utoto alijua breki inapatwa na nini kwenye mteremko wa Kabasha. Mimi nilikuwa Biolojia, kwa sababu mama alifuga sungura.

Tulifundishana tukitembea. Ukungu wa Butembo asubuhi ulikuwa mzito hivi kwamba nilisikia kanuni ya Fizikia kabla ya kumwona mwenyewe. Sauti ilitoka kwenye weupe ikisema nguvu ni sawa na tungamo la kitu mara mwongezeko wa mwendo, na kina mama waliokuwa wanashuka na vikapu vya makabichi ya Alimbongo waliipisha kama wanavyopisha baiskeli. Nikifikiri miaka ile, nasikia kwanza, ndipo naona.

Baba wa Fizikia alikuwa amemwambia neno moja tu kuhusu cheti cha mtihani ule: “Ukipata diplome, utasoma mbele. Ukianguka, lori ile pale.” Hakulisema kwa ukali. Lori lilikuwa kweli pale uani, na kiti cha msaidizi kilikuwa wazi. Fizikia alilipenda lori, ila alitaka kuwa mtu anayelitengeneza kwa kulichora kwanza, kwenye karatasi nyeupe, katika chumba chenye meza. Hicho chumba alitusimulia mara nyingi mpaka nami nilijua dirisha lake liko wapi.

Ilipofika sikukuu ya Idi alikwenda Beni, kwa baba yake mdogo, mtaa wa Bungulu. Alisema siku tatu. Alichukua kipande chake cha daftari ili kisilale bure. Siku ya pili njia ikafungwa nyuma yake. Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa miezi, na tukaambiwa kwamba mtihani utafanyika hata hivyo, kila mtu pale vita vilipomkuta. Basi yeye alikuwa Beni na fizikia yote, sisi Butembo na kemia na biolojia, na kati yetu kilomita zisizofikia sitini ambazo hakuna aliyezipita.

Kilichopita kilikuwa foni. Hivyo tuliita redio ya mawimbi ambayo wafanyabiashara walitumia kuulizia chumvi na mafuta yao. Baba mdogo wa Fizikia alikuwa nayo Beni. Kwetu Butembo ilishikwa na mama mmoja mjane, mwenye shali la sufu na sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele mbali. Tulimbebea betri yake mpaka kwenye mashine ya kusaga, ipate umeme, tukairudisha, naye akatupa dakika zetu mwishoni mwa asubuhi, wakubwa wakishamaliza.

Chumba kilijaa. Kwenye foni unasema, unamaliza kwa “À vous”, zamu yako, na hakuna siri. Wote waliongoja walisikia kila neno. Siku ya kwanza Fizikia alisoma zoezi la kombora linalorushwa kwa pembe ya digrii thelathini. Hakufika kwenye alama ya kuuliza. Mama wa foni alinyakua kipaza sauti, kwa hofu ya askari waliosikiliza mawimbi.

“We mutoto! Obus, obus, mu foni yangu? Unajua basoda iko nasikia? Batakuya kuniuliza hiyo obus iko naenda kuanguka wapi!”

“Lakini mama,” Fizikia akajibu toka Beni, “njo zoezi iko vile. À vous.”

“Badirisha. Tupa kitu ya kula. À vous.”

Mngurumo, kisha sauti ya Fizikia, taratibu kabisa: “Avoka moja inarushwa na mwendo wa metre makumi mbili kwa segonde, pembe digrii makumi tatu. Itapanda metre ngapi? À vous.”

“Nani anatupa avoka muzima hivyo?” akauliza mama mmoja kwenye benchi, mnene, mwenye mtoto mgongoni. Mume wake, muuza vitambaa, alikuwa amefungiwa Beni kama Fizikia, naye alikuja kila siku kusikia kama bado mzima. “Aitupe huku kwetu.”

Parachichi lilipanda mita tano. Nilihesabu gotini, na mama mnene akachungulia karatasi akasema tano si kitu, mtoto wake wa kwanza hutupa kupita hapo. Tangu hapo fizikia yote ilinijia kwa namna ya chakula. Maboga yaligongana badala ya magari, na kutoka kwenye mnara lilianguka gunia la maharagi. Hata leo, nami nimekwisha kulala Kisangani, Bunia, Kampala, na mahali pengine ambapo sikufungua mzigo, nikiona kitu kinaruka hewani napima kama kimeiva.

Zamu yangu ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa biolojia ni michoro. Nitachoraje kwa mdomo? Jani nililisema, figo nikalisema kama haragi lililopasuliwa. Ukafika moyo. Ukurasa wa moyo ulikuwa umelowa mvua tangu zamani. Mchoro ulikuwa doa la bluu, maneno tu chini yake ndiyo yalisomeka. Nikaamua kumjengea nyumba ya ghorofa.

“Chora nyumba ya etaji,” nikasema. “Byumba bine. Bibili juu, bibili chini. Katikati ukuta, hapana mulango. À vous.”

“Nimechora. À vous.”

“Byumba bya mukono wa kushoto, damu safi inaingia juu, inatoka ku mapafu. Inashuka chini. Kile chumba ya chini, ukuta yake iko munene sana, sababu inasukuma damu mupaka ku vidole ya miguu. À vous.”

“Kushoto? À vous.”

“Kushoto. Mukono wako wa kushoto. À vous.”

“Reçu,” akajibu: amepokea.

Mama mnene alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko siku zote. “Kumbe moyo iko na byumba bine,” akasema. “Donc bwana yangu aliniweka mu kile ya wapi?”

“Ya wageni,” mwingine akamjibu, na benchi lote likacheka mpaka mama wa foni akapiga meza.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilimwona Fizikia, kule kwenye joto la Beni, akitembea ndani ya nyumba niliyomjengea, akifungua milango.

Wiki mbili kabla ya mtihani, Kemia alikuja na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa ameomba moyo wa mbuzi machinjioni. “Labo,” akasema, yaani maabara, akaucheka uso wangu. Kwanza tulitaka kuupima ukubwa wake. Niliushika kwa mikono miwili, bado una ubaridi wa asubuhi, nikauweka mbele ya kifua chake, jinsi unavyokaa kwa mtu, naye akaubonyeza kwa kidole.

“Huku njo munene. Kushoto yangu.”

Nilitazama kidole chake. Kilikuwa upande wangu wa kulia.

“Ee, Biolojia,” akasema, “juu ya nini unaangalia hivyo?”

Mchoro wa moyo ni wa mtu anayekutazama. Kushoto kwake kuko kulia kwako. Kila mwanafunzi aliyewahi kuona mchoro mzima anajua hivyo bila kuambiwa, na mimi nilikuwa nimeona doa la bluu. Kwenye mtihani wanaweka picha yenye namba, wanauliza namba ipi ni chumba fulani. Fizikia angesoma vizuri, angefikiri vizuri, kisha angeweka alama kwenye namba isiyo yake, kila swali la damu, kwa sababu aliniamini. Nikaliona lori uani.

Wiki hiyohiyo risasi zilisikika njia ya Beni, na wale walioshika mji wakafunga foni zote. Nilipita kila siku. Mama wa foni alikuwa ameketi mbele ya chombo kilichofunikwa kitambaa, anasuka. Siku tatu kabla ya mtihani wakafungua kidogo: saa moja asubuhi, kwa msiba na ugonjwa tu, kila mtu maneno kumi na tano, na askari mmoja amesimama mlangoni.

“Mutihani hapana ugonjwa,” mama wa foni akaniambia polepole, bila kuniangalia. “Usinitafutie kisirani, mutoto yangu.”

Nilikaa hata hivyo mwisho wa benchi. Mvua ilianza, ikapiga mabati, na ndani ya kelele ile watu waliinuka mmoja mmoja, wakasema nani amekufa, nani hapumui vizuri. Mama mnene alikuwa na mtoto mwenye homa. Alitaka mume wake ajue. Alipoitwa aliniangalia kwanza, halafu askari, halafu mama wa foni.

“Mutoto iko na homa, dawa tumepata, usiogope,” akasema kwenye chombo. Yalikuwa maneno saba. Kisha akanyoosha mkono wake, akanivuta kwa kola. “Yenye kubakia, ni ya huyu. Naye iko na mugonjwa.”

Mama wa foni alifumba macho. Hakukataa.

Nilikuwa nimepanga sentensi nzuri nyumbani, mvua ikaifuta. “Fizikia, moyo, geuza,” nikasema. “Geuza! Ni mutu anakuangalia. À vous.”

Mlio, mlio. Sauti ikaja ya mbali sana, kama mtu aliye chini ya maji: “Rudilia. À vous.”

“Geuza!”

Askari akasema basi. Kitambaa kikarudi juu ya chombo. “Wasingya, mama,” nikamwambia yule mama, asante kwa lugha yetu ya Kinande. Aliniuliza tu kama mgonjwa wangu ni mkubwa au mdogo.

Nilifanya mtihani nikiwa nusu mahali pengine. Swali la kombora lilikuwapo. Kwa macho yangu ilikuwa avoka, ikapanda, ikageuka, ikashuka kwenye jibu sahihi. Nilitembea jioni ile pamoja na Kemia mpaka mto Kimemi. Kwenye biolojia kulikuwa na moyo, na namba, na damu. Maswali matatu. Niliyajibu kana kwamba najaza karatasi ya mtu mwingine.

Njia ilifunguliwa wakati matokeo hayajasomwa. Siku hiyo tulisikia honi kabla ya kuona kitu, kwa sababu ya ukungu, kisha pua ya lori ikatokea kwenye weupe. Fizikia aliruka kutoka kiti cha msaidizi. Alisimama pale kwenye matope, nami nikamwendea bila salamu.

“Ulisikia?” nikamuuliza.

“Neno moja. Geuza.”

“Basi?”

“Nilikaa nayo siku muzima. Nageuza nini? Niligeuza karatasi chini juu, nikaona nyumba imeanguka. Baba mudogo akasema, huyu amechoka na masomo.” Alikuwa akifungua kifungo cha mfuko wa shati. “Kisha nikasimama ku dirisha, nikaipindua, nikaiangalia kwa mugongo.”

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nyumba yangu, vyumba vinne kwa wino mzito. Akaiinua kwenye mwanga mdogo uliokuwapo, mgongo wa karatasi ukitutazama, na moyo ukaonekana kupitia nyuma ya karatasi: ukuta mnene umehamia kulia, penye haki yake, na maneno yote yanasomeka kinyumenyume.

“Huku njo nikaona mutu anayeniangalia,” akasema. “Maswali ilikuwa tatu?”

“Tatu.”

“Niliweka mukono hapa kwanza.” Akauweka mkono wake wa kushoto kifuani. Tulikuwa tumesimama uso kwa uso, na mkono ule ulikuwa upande wangu wa kulia. “Kila swali.”

Aliniachia ile karatasi, kwa kuwa alisema yeye ameshaijua. Miezi ile ile alipata diplome, kiti cha msaidizi akakikalia mdogo wake. Kila chumba ninachokodi, mji wowote, kabla ya kuweka godoro natafuta dirisha. Naiinua karatasi, naisoma kwa mgongo, naikunja tena mara nne.