Siku Tatu za Hostia

Jumatatu ilikuwa siku ya kupima watoto. Nilimfunga mdogo wangu Tshibangu mgongoni, nikawashika mikono wadogo zangu wengine, Ngalula na Mbuyi, tukatoka mtaani kwetu Kamalondo kwa miguu mpaka zahanati ya watawa Wabenedikto. Baba alikuwa amefia mgodini. Mama alikufa akimzaa Tshibangu. Mimi, mkubwa wao, ambaye kwa hiyo waliniita Yaya, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimeacha shule.

Watawa wote tuliwaita Maseri. Wetu alikuwa Maseri Skolastika. Alimweka mtoto kwenye mizani huku akiimba zaburi kwa sauti ya chini. Kengele ya monasteri ikilia, aliliacha hata neno katikati, akaenda kusali. Hatukuwahi kumwona akitia kitu kinywani. Kwao watawa walikula mezani pamoja, kimya. Kula nje ya hapo bila ruhusa kulikuwa kosa.

Kisha mkoa wetu wa Katanga ukajitenga na nchi, na sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai tukawa maadui katika mji tuliozaliwa. Majirani walianza kuchukuliwa. Tulikimbilia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji, tukajenga kibanda cha magunia.

Mapigano yalipofunga barabara, chakula kilikwisha.

Maseri alifika hata hivyo, kwa baiskeli, akaniachia kifurushi.

“Ya mutoto,” alisema, akakimbilia wagonjwa.

Ndani mlikuwa na hostia nyeupe, vile vimkate vyembamba vya komunyo, zile za altare.

Tshibangu alikuwa hajabatizwa. Katekista alinifundisha kwamba asiyebatizwa hapokei komunyo. Nilizifunga tena kwa kitambaa safi, nikaziweka juu ya sanduku, nikapiga magoti. Nilimpa mtoto maji.

Siku ya tatu aliacha kulia.

Maseri aliporudi, Mama Kapinga wa kibanda cha pili alimwahi mlangoni. “Maseri, ona huyu yaya! Eko anachunga biskuti kama mbuzi, na mutoto anakufa!”

“Hakula?” Maseri aliniuliza.

“Iko bado kubatizwa, Maseri. Niliogopa Mwili wa Bwana.”

Alinitazama. Nilidhani atanipiga.

“Mutoto wangu, padri hakuzigusa wala kuzibariki. Tuliishiwa mkate. Ni bunga na mayi, basi.”

Sikusadiki kwamba ni unga na maji tu. Basi akachukua hostia moja, akaivunja, akala pale pale, amesimama, sote tukimtazama. Akatafuna. Akameza. Shingo ilimgeuka nyekundu.

“Unaona? Hata chumvi haina.”

Mama Kapinga akacheka, na mimi nikalia. Tulizilowesha katika maji, tukamlisha Tshibangu kwa ncha ya kidole mpaka jioni.

Wiki iliyofuata Maseri alipigwa risasi barabarani, akija kwetu. Sikujua kamwe ilitoka upande gani.

Siku ya maziko barabara ilifunguliwa kwa muda. Wengi walikwenda. Tshibangu alikuwa na homa. Nilibaki naye.

Wote wanne tulitoka kambini hai, pamoja. Tshibangu hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Labda ni ile homa, labda ni zile siku tatu. Miaka mingi sikuthubutu kumwambia. Nilipomweleza, aliuliza, “Yaya, huyo Maseri alikuwa na sura gani?”

Nilitafuta sura, sikuipata. Nikampa nilichobaki nacho: mwanamke mrefu, akitafuna polepole mbele ya watu, akiona haya.